Mtoto Ametekwa: Imani Inafanya Kazi Gani Kabla Hajapatikana?

Hadithi huanzia mahali pa kawaida kabisa: uwanja wa michezo, foleni ya dukani, chumba cha kulala chenye dirisha lililoachwa wazi. Mtoto alikuwepo, sasa hayupo. Punde anaingia mpelelezi, wa FBI au wa polisi ya mji, na hapo hukutana na mtu ambaye hawezi kukaa kando: mama wa mtoto, mjomba wake, wakili wa familia, au mpelelezi mwingine ambaye zamani walipendana wakaachana. Mmoja wao husali. Mwenzake aliacha kusali siku nyingi. Kitabu kikifika mwisho mtoto amerudi nyumbani, mhalifu ana pingu mikononi, wawili hao wamekubaliana kuoana, na yule aliyeacha kusali ameanza upya. Hii ndiyo riwaya ya mapenzi na taharuki ya Kikristo, aina ambayo imejijengea wasomaji waaminifu nchini Marekani, wengi wao wanawake, huku wahakiki wengi wakiipita kama hawakuiona. Naamini wanaoipuuza wanatazama pasipofaa. Wanatazama mwisho, ambao kila msomaji anaujua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na wanaacha katikati. Huko katikati, katika saa na siku za kusubiri, ndiko riwaya hizi zinapothubutu kufanya jambo ambalo mahubiri mengi hulikwepa: kumwonyesha mwamini anavyoishi wakati jibu halijaja, na huenda lisije kabisa.

Aina hii ina ukoo mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Grace Livingston Hill aliandika riwaya nyingi ambamo wokovu wa roho ulikwenda pamoja na uchumba. Mwaka 1967 Catherine Marshall alitoa Christy, habari za mwalimu kijana aliyekwenda kufundisha katika milima ya Tennessee, na kitabu hicho kilipendwa hata tuzo mashuhuri ya riwaya za Kikristo nchini Marekani, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, ikapewa jina lake. Mwaka 1979 kampuni ya Bethany House ilichapisha Love Comes Softly ya Janette Oke, mwandishi wa Kanada, na mauzo yake yakawafumbua macho wachapishaji wa Kikristo: wasomaji wao walikuwa na njaa ya hadithi. Kisha mwaka 1986 akaja Frank Peretti na This Present Darkness, kitabu cha malaika, mapepo na usiku wa kuogofya, kikathibitisha kwamba Mkristo naye hupenda kusoma huku moyo unamdunda. Uchumba wa Oke na hofu ya Peretti vilikuja kukutana katika miaka ya 1990. Terri Blackstock, aliyekuwa akiandika riwaya za kawaida za mapenzi, aliziacha akageukia taharuki ya Kikristo. Mwaka 1999 Dee Henderson, binti wa mchungaji, akatoa Danger in the Shadows. Wakati huo kampuni ya Harlequin ya Toronto ilikuwa imeshaanzisha tawi lake la riwaya za Kikristo, Steeple Hill, mwaka 1997. Mwaka 2005 ikaongeza mfululizo maalumu wa taharuki, Love Inspired Suspense, unaotoka kila mwezi mpaka leo. Maduka ya vitabu vya Kikristo yaliyozibeba riwaya hizi yalikuja kuanguka. Family Christian Stores walifunga mwaka 2017, na LifeWay wakafunga maduka yao yote ya mitaani mwaka 2019. Wasomaji hawakuanguka nayo, walihamia mtandaoni.

Ili kuzitendea haki riwaya hizi, lazima kwanza ujue mwandishi anafanya kazi chini ya masharti gani. Kitabu cha Love Inspired Suspense kina maneno yapatayo 55,000 tu, na ndani ya maneno hayo nyuzi tatu lazima zisokotwe: kisa cha hatari, mapenzi ya watu wawili, na safari ya imani ya angalau mmoja wao. Hakuna matusi. Hakuna kitanda kabla ya ndoa. Damu hutajwa kwa uangalifu. Na mwisho lazima uwe mwema. Kampuni kama Revell na Bethany House, ambazo zote sasa ziko chini ya Baker Publishing Group ya Michigan, huwapa waandishi wao kurasa nyingi zaidi za kupumua, lakini masharti ya msingi ni yale yale. Mtu anaweza kuyaona haya kuwa minyororo. Kwa kweli kila sanaa ya watu wengi ina kanuni zake, na sisi tuliokulia katika utenzi na shairi la vina na mizani hatuna sababu ya kushangaa kwamba mtu anaweza kusema jambo zito ndani ya umbo alilopewa. Ila nakiri kwamba uzi wa tatu, ule wa imani, ndio unaoharibika upesi. Mwandishi mvivu huubandika. Mpelelezi anakwama, anafumba macho, anasali sentensi mbili, simu inalia, na mtoa taarifa anataja nyumba mtoto alikofichwa. Hapo Mungu amegeuzwa mtoa taarifa wa polisi, na hadithi imekufa pamoja na theolojia yake.

Kwa nini basi mtoto? Taharuki ingeweza kujengwa juu ya mkoba wa almasi au siri ya serikali, na kuna riwaya nyingi za namna hiyo. Mtoto aliyetekwa anafanya kazi ambayo mkoba hauwezi, kwa sababu anaondoa majibu mepesi. Mtu mzima akipatwa na balaa, watu wa dini hutafuta sababu kwa haraka: alikuwa na dhambi ya siri, Mungu anamfundisha subira, alikwenda mahali pasipomfaa. Ndivyo walivyofanya rafiki zake Ayubu, na Maandiko yenyewe yanawakemea. Mbele ya mtoto wa miaka minne aliyechukuliwa mchana kweupe, maneno hayo hayasemeki hata na mtu asiye na haya. Kinachobaki ni swali tupu: ulikuwa wapi, Bwana? Biblia inalijua swali hilo vizuri. Raheli wa kitabu cha Yeremia, anayetajwa tena katika Mathayo, analilia wanawe na anakataa kufarijiwa. Sheria ya Kutoka 21 inamhukumu kifo anayemwiba mtu. Na Yakobo, katika Mwanzo 37, ni baba wa mtoto aliyeuzwa ambaye analetewa kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi na kuambiwa aamue mwenyewe. Tuite jambo hilo kwa jina lake: ni ushahidi wa kughushi. Yakobo anauamini, anaomboleza miaka mingi, na muda wote huo mwanawe yu hai Misri.

Kisa hicho cha Yakobo kinasaidia kuielewa mojawapo ya riwaya zilizosukwa vizuri katika aina hii, Deceived ya Irene Hannon, mwandishi wa Missouri, iliyotolewa na Revell mwaka 2014. Kate Marshall amewaomboleza mumewe na mwanawe wa miaka minne kwa miaka mitatu, tangu ajali ya boti iliyosemekana kuwaua wote wawili. Siku moja, katika jumba la maduka, anamwona mtoto kwenye ngazi za umeme. Ni tukio la sekunde chache. Ngazi za umeme hazisimami ili mtu ahakikishe alichokiona, na kurudi nyuma dhidi ya mwendo wake, katikati ya watu waliobeba mifuko, ni kazi ngumu. Lakini Kate ameona, na anajua: yule ni mwanangu. Polisi hawamwamini, na kusema kweli hawana kosa. Mwanamke mwenye msiba akimwona mwanawe katika uso wa mtoto wa mtu mwingine ni jambo la kusikitisha ambalo askari yeyote amewahi kulisikia. Ndipo anapokwenda kwa Connor Sullivan, mpelelezi wa kujitegemea ambaye zamani alikuwa katika Secret Service, kikosi kinachomlinda rais wa Marekani.

Ona mwandishi alivyoipanga hali hiyo. Mama ana uhakika bila ushahidi. Mpelelezi ana ustadi wa ushahidi bila uhakika. Mama hawezi kumlazimisha aamini; anaweza tu kumwomba atafute. Naye mpelelezi hawezi kumpa matumaini asiyokuwa nayo. Anaweza tu kuichukua kazi na kuifanya kwa uaminifu, akikagua upya ajali ambayo kila mtu aliifunga. Hakuna aliyehubiri hapa, na bado msomaji amewekwa katikati ya swali la kale la imani na uthibitisho, yaani yakini ya jambo lisiloonekana ikikutana na Tomaso anayetaka kugusa kovu. Uzuri wake ni kwamba hadithi haimwiti Tomaso mwovu. Shaka ya mpelelezi ni ya lazima. Bila yeye kutilia shaka kila kitu, ikiwemo ajali yenyewe, mama angebaki na maono yake tu. Ninaposema kwamba riwaya hizi zina uzito, ninazungumzia ujenzi wa namna hii, ambamo theolojia imeingia katika mifupa ya kisa na haikuachwa kwenye midomo ya wahusika.

Hapo ndipo upelelezi unapogeuka kuwa kitu zaidi ya mbinu ya kusukuma hadithi. Katika hali halisi ya Marekani, kumtafuta mtoto ni kazi ya saa, tena saa chache. Utafiti wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, uliosasishwa mwaka 2006, uligundua kwamba kati ya watoto waliotekwa na kisha kuuawa, asilimia 76 walikuwa wameuawa katika muda wa saa tatu tangu kuchukuliwa. Ndiyo maana ile dhana ya sinema kwamba polisi husubiri saa 24 kabla ya kupokea taarifa haina nafasi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inakataza polisi kuweka muda wowote wa kusubiri mtoto anapotoweka. FBI nao waliruhusiwa kuingia katika kesi za utekaji kwa sheria ya mwaka 1932, baada ya mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh kuibwa kitandani mwake. Na tangazo la AMBER, linaloingia katika redio na barabarani na sasa katika simu za watu, lilizaliwa Texas baada ya msichana wa miaka 9 kutekwa mjini Arlington Januari 1996 akiwa juu ya baiskeli yake, kisha akauawa. Mfumo huo wenye jina lake umewarudisha watoto wengi nyumbani. Aliyemuua yeye hajapatikana mpaka leo. Mwandishi anayejua mambo haya anajua pia kwamba sala ya mpelelezi haiwezi kuchukua nafasi ya kupita mlango kwa mlango, kukagua picha za kamera na kumhoji jirani kwa mara ya nne. Katika vitabu bora vya aina hii, kazi hiyo ngumu ndiyo umbo linalochukuliwa na sala. Mhusika anasali kwa sababu ataamka saa kumi alfajiri kuendelea kutafuta. Hajasali ili apumzike.

Kuna pingamizi zito hapa, na linatoka kwa watu wanaoshughulika na usalama wa watoto. Wanasema riwaya hizi zinamfundisha mzazi kumwogopa mtu asiye sahihi. Mtekaji wa vitabuni ni mgeni aliyejificha kivulini, au genge linalodai fidia, hali takwimu zinaelekeza kidole ndani ya nyumba. Makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya Wizara ya Sheria ya Marekani yalionyesha kwamba mwaka 1999 watoto wapatao 203,900 walichukuliwa na mtu wa familia, mara nyingi mzazi mmoja akimnyima mwenzake. Waliotekwa kwa ile namna ya kuogofya, na mtu wasiyemjua au wanayemjua kidogo tu, akiwashikilia usiku kucha, au akiwasafirisha mbali, au akidai fidia, au akiwaua, walikadiriwa kuwa 115 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Afrika Mashariki nayo ina sura yake tofauti: uchunguzi wa BBC Africa Eye wa mwaka 2020 jijini Nairobi ulionyesha watoto wachanga wakiibwa ili wauzwe, wengine wakichukuliwa kwa akina mama wanaolala mitaani, na hakuna barua ya fidia inayoandikiwa mama asiye na paa. Pingamizi hili ni la kweli na sitalipunguza. Mzazi anayejifunza hatari kutoka kwenye riwaya peke yake atalinda dirisha na kuuacha mlango wazi. Ninachosema ni kwamba dosari hii inatokana na uvivu wa waandishi, na aina yenyewe ina zana za kuiponya. Mgogoro wa wazazi waliotengana juu ya mtoto una mapenzi yaliyovunjika ndani yake, una sheria, una dhambi na msamaha, na una mtoto anayempenda mtekaji wake kwa sababu mtekaji ni baba yake. Mwandishi wa riwaya ya Kikristo ya mapenzi hangeweza kuomba kisa kinachomfaa zaidi ya hicho, na inasikitisha kwamba wengi wanamkimbilia mgeni wa kivulini.

Pingamizi la pili linahusu mwisho mwema, na ndilo linalorudiwa zaidi. Mtoto hupatikana daima. Je, huu si uongo mbele ya wazazi ambao wao hawakurudishiwa? Kwanza tuseme jambo ambalo wakosoaji hawalitegemei. Makadirio kama yale niliyoyataja yaliporudiwa kwa mwaka 2011, watoto waliotekwa kwa namna ile mbaya kabisa walikuwa 105, na asilimia 92 yao walipatikana hai, wakati katika makadirio ya awali waliorudi hai walikuwa asilimia 57. Watafiti wanadhani simu za mkononi na mbinu mpya za polisi zilichangia sana. Kwa hiyo mtoto anayepatikana siyo ndoto ya mwandishi wa mapenzi. Mara nyingi ni matokeo ya watu waliofanya kazi yao vizuri. Lakini jibu hilo halitoshi, maana asilimia nane ni watoto wenye majina, na baba wa mmoja wao hawezi kutulizwa kwa kuonyeshwa wale 92. Biblia nayo haitoi mwisho mwema kila mara. Katika 2 Samweli 12, Daudi anafunga na kulala chini siku saba akimwombea mtoto wake mgonjwa, na mtoto anakufa. Riwaya ya aina hii isiyo na nafasi hata kidogo kwa sala ya Daudi inawanyima wasomaji wake nusu ya kitabu wanachokiita kitakatifu.

Waandishi wazuri wanalijua hilo na hutafuta njia ya kulipa deni bila kuvunja sharti la soko. Dee Henderson alifanya hivyo tangu mwanzo. Sara Walsh wa Danger in the Shadows alitekwa akiwa mtoto, yeye na pacha wake. Sara alitoka hai. Pacha wake hakutoka. Kitabu kinaanza miaka mingi baadaye, na mwisho mwema wote anaoupata Sara unasimama juu ya kaburi ambalo hakuna ukurasa unaolifukia. Katika mfululizo uliofuata, wa familia ya O'Malley, watu saba waliokulia katika nyumba ya yatima wanaamua kuwa ndugu na kuchukua jina moja. Jennifer, mdogo wao na wa kwanza kati yao kumwamini Kristo, anapata saratani. Wanamwombea, wengine wakijifunza kusali kwa ajili yake tu. Anakufa, na ndugu yake Stephen, mtu ambaye kazi yake ni kuokoa majeruhi, anatumia sehemu kubwa ya kitabu cha mwisho akimkimbia Mungu ambaye yeye ameshindwa kumwelewa. Mapenzi ya Stephen yana mwisho mwema, sharti limetimizwa. Lakini msomaji aliyefuata mfululizo huo hatoki na wazo kwamba sala ni swichi. Anatoka akiwa amewaona ndugu hao wakisali sala moja na kubaki na mikono mitupu, na baadhi yao wakabaki pia na imani.

Pingamizi la tatu linagusa adabu. Mtoto yuko mikononi mwa mhalifu, na watu wazima wawili wanatazamana machoni! Wapo wasomaji wanaoliona jambo hili kuwa la aibu, na katika vitabu vingi vifupi wana haki. Maneno 55,000 hayana huruma. Busu lazima lipate nafasi yake, na nafasi yenyewe wakati mwingine inaangukia saa ambayo mama yeyote angekuwa anatapika kwa hofu. Hapo mtoto amekuwa chambo, ametumwa kwenye hatari ili wakubwa wakutane. Kipimo changu ni rahisi: mtoe mtoto katika hadithi, uweke mkufu uliopotea. Mapenzi yakiendelea vile vile bila kubadilika, mwandishi hakumhitaji mtoto, na hakupaswa kumteka. Lakini pima Danger in the Shadows kwa kipimo hicho. Sara anaishi mafichoni kwa sababu aliyemteka bado yuko huru, na anampenda Adam Black, mchezaji mstaafu wa mpira wa Kimarekani ambaye sura yake inajulikana nchi nzima. Kumpenda mtu maarufu ni kuingia katika picha, na kuingia katika picha ni kuonekana na yule anayekuwinda. Utekaji wa utotoni na mapenzi ya utu uzima ni jambo moja. Huwezi kuvuta uzi mmoja bila mwingine kukatika. Swali la kitabu hicho ni kama mtoto aliyefundishwa na mhalifu kuogopa kila mtu anaweza, akiwa mtu mzima, kukubali kuonekana. Hilo ni swali la mapenzi, na ni swali la imani pia.

Kuna jambo moja katika riwaya hizi ambalo sina utetezi nalo, nalo ni wongofu unaogeuzwa mahari. Paulo aliwaonya Wakorintho wasifungiwe nira pamoja na wasioamini, na waandishi hawa wanalichukulia onyo hilo kwa uzito. Kwa hiyo mpenzi asiyeamini lazima aamini kabla ya kitabu kuisha, la sivyo hakuna harusi. Katika The Negotiator ya mwaka 2000, Dave Richman wa FBI anampenda Kate O'Malley, ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu walioshika mateka, lakini hawezi kusonga mbele naye kwa kuwa Kate haamini. Henderson anaishughulikia hali hiyo kwa heshima. Maswali ya Kate ni ya mtu aliyeona ukatili kwa macho yake, na hapewi majibu ya haraka. Katika vitabu vya chini ya hapo, mashaka ya miaka 20 huyeyuka katika ukurasa mmoja, mara tu mtoto anapopatikana. Wongofu wa namna hiyo ni shukrani tu. Mtu yeyote angemshukuru Mungu mtoto akirudi. Mhusika ambaye imani yake ingenishawishi ni yule aliyeanza kusali siku ya tatu, wakati mbwa wa polisi wamepoteza harufu na wanahabari wameanza kuondoka.

Msomaji wa Kiswahili ana mahali pa kusimama anapolinganisha. Riwaya yetu ya upelelezi imezaa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na akili inayopima kila neno, na Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa bastola na starehe. Mmoja anategemea mantiki, mwingine anategemea ujasiri, na hakuna kati yao anayepiga magoti mtafutwa asipoonekana. Hadithi hizo hazikuhitaji kufanya hivyo. Zilikuwa na mambo mengine ya kusema juu ya Unguja na juu ya Afrika huru. Hata hivyo tunaishi katika nchi ambazo mtoto akipotea, tangazo linasomwa kanisani na msikitini sawa na kituoni, na wanaotoka usiku na tochi kumtafuta vichakani ni majirani wanaosali huku wanatembea. Uzoefu huo ni wetu. Mwandishi wa Kiswahili akiamua kuuandika, hatahitaji kuazima FBI wala ngazi za umeme. Atahitaji kuujua utaratibu wa polisi wa mahali pake, kumjua mama huyo, na kuvumilia kukaa naye katika kurasa ambazo habari hazijafika.

Yapo pia maeneo ambayo hata Wamarekani wameyagusa kidogo tu, na moja ni maisha ya baada ya kupatikana. Mwaka 2015 Henderson alitoa Taken kupitia Bethany House, na alianzia pale ambapo wenzake huishia. Shannon Bliss alitekwa akiwa na miaka 16. Anatoroka baada ya miaka 11, mtu mzima sasa, na yuko tayari kuwasaidia polisi kuiangusha familia ya wahalifu iliyomshikilia. Msaidizi anayemchagua ni Matthew Dane, polisi wa zamani ambaye binti yake mwenyewe aliwahi kutekwa na akarudi. Amemchagua kwa busara. Baba huyo ameshajifunza, kwa gharama kubwa, kwamba aliyerudi hapaswi kuulizwa yote kwa siku moja. Shannon anasimulia kidogo kidogo, kwa mpango wake mwenyewe, na anaamua nani asikie nini na lini. Polisi wanataka majina na tarehe, familia inataka msichana wa miaka 16 waliyempoteza, na taharuki ya kitabu sehemu kubwa inatoka hapo, katika kumngoja mwanamke mmoja aseme. Mapenzi nayo yanalazimika kwenda kwa mwendo huo huo. Katika kitabu hicho anayesubiriwa ni mtoto aliyekwisha kurudi, na wote wanaompenda, wapelelezi wakiwemo, wana kazi ngumu ya kutomharakisha.